Santuri ni Shahidi, si Hakimu

Kila panapozuka mjadala juu ya taarabu ya pwani, hoja moja hutangulizwa kana kwamba kesi yake imeshakwisha. Husemwa kwamba taarabu ya kweli ni ile iliyomo katika santuri za zamani, zilizoanza kurekodiwa mwaka 1928 na kuendelea katika miaka ya mwanzo ya 1930, na kwamba yote yaliyofuata ni kupungua: likaingia gitaa, kikaingia kinanda cha umeme, ikaingia mipasho, mpaka pakabaki jina tupu. Katika hukumu hiyo mji wa Tanga huwekwa mbele ya washitakiwa, maana Tanga ni miongoni mwa miji iliyolikaribisha gitaa katika taarabu na kulipa kiti cha heshima. Hoja hii hupendwa na makundi mawili ambayo katika mengine hayapatani: wakusanyaji wa ng'ambo wanaozitafuta santuri hizo minadani, na wajuzi wa pwani waliojitwika ulinzi wa asilia. Makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja. Wameichukua santuri, ambayo ni shahidi, wakaikalisha katika kiti cha hakimu.

Inafaa kwanza kukumbuka santuri hizo zilitoka wapi. Mwaka 1928 kampuni ya HMV iliwachukua Siti binti Saad na wenzake, akina Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar, Mbaruk na Buda bin Swedi, kutoka Unguja hadi Bombay, wakaimba nyimbo za Kiswahili mbele ya maikrofoni. Biashara ilifana, na haukupita muda kampuni nyingine, kama Columbia na Odeon, nazo zikaja kuzitafuta sauti za pwani. Hapana hata moja iliyosukumwa na mapenzi ya mashairi. Zilikuwa na gramafoni za kuuza, na gramafoni isiyokuwa na santuri ya lugha anayoielewa mnunuzi ni kabati tu. Mwenye duka alihitaji kitu cha kumsimamisha mpita njia mlangoni, na sauti ya Siti ikawa kitu hicho. Kufanya biashara si dhambi. Lakini kulisoma daftari la mfanyabiashara kana kwamba ni historia ya sanaa ni uzembe.

Santuri yenyewe ilikuwa na masharti yake. Ilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa kidudu wa miti ya Bara Hindi, uliochanganywa na unga wa mawe. Aghalabu upana wake ulikuwa inchi 10. Ilizunguka mara 78 au karibu na hapo kwa dakika, na upande mmoja ulijaa baada ya dakika tatu hivi. Kila aliyewahi kukaa katika taarabu anajua kwamba dakika tatu ni za kukaza nyuzi na kuanza bashrafu. Shairi la taarabu lina beti tatu, nne, au zaidi. Kila ubeti una kipokeo chake. Baina ya ubeti na ubeti vyombo hujibizana. Na msikilizaji aliyeguswa huinuka akaenda kutunza, naye mwimbaji humrudishia mshororo ule ule kwa mara ya pili, kwa mkazo mwingine, ili neno limfikie aliyekusudiwa. Yote hayo yalibaki nje ya mlango. Kilichoingia ndani ni kile kilichoenea katika sahani, mfano wa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha sanduku badala ya kipimo cha mvaaji. Anayesema kwamba taarabu ya kale ilikuwa fupi, yenye staha na isiyo na vishindo, huyo anaisifu sahani, haisifu taarabu.

Hata ile sauti anayodhani ameisikia, huenda hakuisikia. Si santuri zote za zama zile zilizorekodiwa kwa mwendo wa 78 barabara. Nyingine zilikwenda polepole zaidi, nyingine kwa haraka zaidi. Ikipigwa leo kwa mwendo usiokuwa wake, mwimbaji hupanda au hushuka, na fidla hugeuka rangi. Sindano nayo ina hukumu yake: mfereji wa santuri ya kale ni mpana, na sindano nyembamba iliyotengenezwa kwa ajili ya santuri za baadaye hugota chini ya mfereji na kuokota mchakacho. Wako wanaosifu wembamba wa sauti za wazee kumbe wanausifu mwendo usio sahihi wa mashine. Shahidi wa namna hii anahitaji kuulizwa maswali kabla ya kusadikiwa.

Lakini hoja inayowavunja kabisa walinzi wa asilia haimo katika mashine. Imo katika santuri zenyewe. Masimulizi ya Unguja huieleza taarabu kuwa iliingia katika kasri wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyemtuma Mohammed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki. Ikhwani Safaa iliundwa mwaka 1905, na nyimbo za mwanzo zilikuwa za Kiarabu. Kwa mizani ya zama zile, taarabu asilia ilikuwa ya Kiarabu, ya wanaume na ya watu wa daraja. Akatokea mwanamke wa Fumba, aliyezaliwa katika familia ya watumwa na kuuza vyungu, akaiimba kwa Kiswahili, na ndani ya nyimbo akatia habari za mji: kesi za mahakamani, dhuluma za wakubwa, mauaji yaliyozungumzwa barazani kama yale ya wimbo wa "Kijiti". Laiti walinzi wa asilia wangekuwako mwaka 1928 na rula yao, santuri ya kwanza ambayo wangeivunja ni ya Siti. Leo wanaishika kwa mikono miwili na kuiita chimbuko. Uzushi wa jana wameufanya sunna ya leo, kisha kwa sunna hiyo wanawakataza wengine kuzua.

Mkasa huu haukuipata pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Fidla ile ile inayolia nyuma ya mwimbaji wa taarabu ndiyo iliyokuwa roho ya ngoma za mashambani huko Marekani ya kusini. Mwaka 1922 mpiga fidla wa Texas, Eck Robertson, alirekodi kwa kampuni ya Victor huko New York. Mwaka uliofuata Fiddlin' John Carson alirekodiwa na Okeh katika mji wa Atlanta. Ilikuwa biashara ile ile, ya miaka ile ile: kuwauzia wakulima sauti zao wenyewe. Ili kurahisisha mauzo, kampuni ziligawa orodha zao mafungu mawili, moja la santuri za Weusi na jingine la santuri za Weupe wa mashambani. Fidla ikatiwa katika fungu la Weupe. Wapiga fidla Weusi, ambao kwa karne nzima walikuwa wamechezesha watu wa rangi zote, wakarekodiwa kwa uchache mno, maana hawakuenea katika rafu za duka. Mwaka 1952 Harry Smith alikusanya nyimbo 84 kutoka santuri za kale, na kampuni ya Folkways ikazitoa upya. Vijana wa mijini wakajifunza kwazo. Baada yake wakaja wakusanyaji waliokwenda nyumba kwa nyumba vijijini kununua santuri kwa senti chache. Waliokoa mengi, na hilo ni haki yao. Lakini kwa muda mrefu walimwengu waliamini kwamba fidla ya mashambani ni mali ya Weupe tangu asili, kwa sababu santuri zilisema hivyo. Ilihitajiwa kazi kubwa ya wanahistoria na wanamuziki kuonyesha kwamba santuri zilikuwa zimerudia tu maneno ya karani wa mauzo.

Wahenga wa pwani walilifupisha somo hilo zamani: asiyekuwepo na lake halipo. Basi na waulizwe mashabiki wa santuri za Kiswahili: ni nani asiyekuwepo? Wanawake wa lelemama waliojaza viwanja vya miji ya pwani kwa mashindano yao, ni wangapi walioitwa mbele ya maikrofoni? Na zaidi ya wote, yuko wapi mtunzi? Katika lebo ya santuri huwamo jina la kampuni, namba, jina la wimbo na jina la mwimbaji. Aliyekaa usiku akipanga vina na kuhesabu mizani, aghalabu hatajwi. Kwa mnunuzi wa London upungufu huo si kitu, kwa kuwa anasikiliza sauti na nyuzi. Kwa Mswahili, wimbo wa taarabu ni shairi kwanza, na shairi lina mwenyewe. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari; na hii ni mali ambayo daftari lake liliandikwa na mtu asiyejua nini cha kuandika.

Tanga ina haki ya kusema kwa sauti kubwa katika jambo hili, kwa kuwa ni nchi ya watunzi kabla ya kuwa nchi ya magitaa. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa mtu wa Mrima huo. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, na katika ardhi ya Tanga ndimo alimozikwa mwaka 1962. Ni yeye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad, baada ya kuonana naye katika siku za mwisho za uhai wake, kabla hajafariki mwaka 1950. Hapa pana funzo ambalo wakusanyaji hulipita. HMV ilikuwa na sauti ya Siti, wala haikuona haja ya kuuliza alizaliwa wapi, alilelewa vipi, na alipata wapi ujasiri wake. Aliyeuliza ni mshairi wa Tanga, kwa kalamu na karatasi. Lau urithi wa Siti ungeachiwa santuri peke yake, leo angekuwa sauti nzuri isiyokuwa na mtu.

Sasa na liangaliwe shitaka la gitaa. Tanga haikulipokea gitaa kwa utoro wa adabu. Mji ule ulikuzwa na mkonge, na mkonge uliwaleta watu kutoka kila upande wa nchi, kila mmoja na ngoma yake. Bendi ya Jamhuri Jazz ilitokana na kikundi kilichoitwa Young Nyamwezi, jina ambalo peke yake linaeleza safari ya watu kutoka magharibi hadi bahari. Atomic Jazz ilikuwa jirani yake. Katika mji ambao jioni moja mtu aliweza kusikia dansi mtaa huu na taarabu mtaa wa pili, ingekuwa ajabu kama vyombo visingetembeleana. Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, wakayatia magitaa na besi katika taarabu, wakaipa mwendo wa ngoma za pwani, na wakafanya kwa vyombo vichache kilichokuwa kikihitaji safu nzima ya fidla. Mashairi yalibaki mashairi, vina vikabaki vina. Sauti ya Shakila Saidi, aliyeaga dunia mwaka 2016, haikupungua hata chembe ya uzito kwa kusindikizwa na gitaa. Alichokifanya Siti kwa lugha, Tanga ilikifanya kwa vyombo: iliitoa taarabu sebuleni ikaiweka uwanjani.

Na Tanga nayo ilipitia mlango wa santuri, na mlango ukawa na bei yake. Nyimbo za Black Star na Lucky Star zilitolewa Mombasa kwa chapa ya Mzuri, iliyokuwa ya duka la Assanand, katika santuri ndogo za mizunguko 45. Mombasa ilikuwa karibu, na kwa jamaa wa pwani mpaka ulikuwa mstari tu wa kukaguliwa vyeti. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo njia ya mwanamuziki wa Tanga kwenda kurekodi kwa jirani ikawa ngumu. Mtu anayehesabu santuri tu ataona idadi inapungua, aseme kwamba muziki ulikufa. Haukufa, kilichofungwa ni njia. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya baadhi ya nyimbo hizo za Mzuri na kuzitoa upya, na masikio ya ulimwengu yakagutuka kwamba kuna mji uitwao Tanga. Mwaka 2002 Kelly Askew alichapisha kitabu kizima cha uchunguzi ambacho uwanja wake mkuu ni muziki wa Tanga. Ni kazi za kushukuriwa. Hata hivyo moja ilitoka London na nyingine Chicago, na kitabu ni cha Kiingereza. Bibi wa Ngamiani aliyeuimba wimbo ule harusini hajui kwamba amechunguzwa.

Hapa wakusanyaji watajibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: lau si sisi, pasingebaki kitu. Unyevu wa pwani ulikuwa ukizila santuri kwa ukungu, watoto wakizirusha uwanjani, wenye nyumba wakizitupa zilipoingia kaseti. Ni kweli. Hakuna mwizi aliyeziiba santuri za pwani usiku. Nyingi ziliuzwa mchana kwa bei ya kilo ya sukari, na muuzaji akaona amefaidi. Mkusanyo uliotolewa na kampuni ya Topic ya Uingereza mwaka 2007, wa nyimbo za Kiswahili za kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950 kutoka hazina ya British Library, umewarudishia watu sauti ambazo wajukuu wa waimbaji wenyewe hawakuwa nazo. Kilio cha kwamba wageni wametuibia ni kilio cha mtu aliyeuza shamba kisha akamlaumu mnunuzi kwa kuvuna. Wanaokirudia wangefanya vyema kuangalia kwanza chini ya vitanda vyao.

Lakini kuhifadhi ni jambo moja, na kumiliki kipimo ni jambo jingine. Aliyekitunza kitu anastahili shukrani. Hapati kwa shukrani hiyo haki ya kuamua taarabu ni nini na ilikoma lini. Mkusanyaji huipenda santuri kwa kuwa ni adimu, na uadimu hukua kadiri wanaoijua wanavyopungua. Watu wa pwani hawawezi kuupenda wimbo kwa sababu hiyo. Kwao wimbo hukua kadiri wanaoujua wanavyozidi.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika vyombo. Siku hizi udi wa kale, gambusi na fidla iliyochakaa vina soko. Huning'inizwa ukutani katika hoteli na majumba ya wenye nafasi, vikapigwa taa, na mgeni akaambiwa kwamba hiyo ndiyo taarabu. Udi si picha. Tumbo lake ni vipande vyembamba vya mbao vilivyoungwa kwa gundi, na kifuniko chake ni bao jembamba linaloishi kwa kutetemeka. Usipopigwa, unyevu huilegeza gundi, nyuzi hufanya kutu, shingo hupinda, na baada ya miaka michache kilichoko ukutani ni umbo la udi. Fundi wa kuurudisha hapatikani kwa kununua udi wa pili. Hupatikana kwa kuwako kwa mpigaji anayemhitaji. Ndiyo maana chuo cha muziki cha Unguja, Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimefanya kwa risha na vidole vya wanafunzi wake uhifadhi ambao hakuna ukuta unaoweza kuufanya. Tanga, yenye historia iliyoelezwa hapa, inastahili chuo cha namna hiyo zaidi ya inavyostahili sanduku la kioo.

Basi lipi linalotakiwa? Kwanza, kila santuri ya Kiswahili inayotolewa upya, popote inapotolewa, ifuatane na shairi lake kwa Kiswahili, beti zote, pamoja na zile ambazo sahani ilizikata, na jina la mtunzi likiwa juu ya jina la kampuni. Pili, nakala za sauti hizo zirudi bure katika maktaba na makumbusho ya Tanga, Pangani, Mombasa na Unguja, kwani sauti hunakiliwa bila ya mwenye asili yake kupungukiwa. Tatu, walinzi wa asilia wakome kuitumia santuri kama bakora ya kuwachapia vijana. Kijana akitunga vibaya, aambiwe kwamba vina vyake vimeanguka au maneno yake hayana haya. Hayo ni makosa ya kweli, yenye mizani ya kupimia. Asiambiwe kwamba amekosa kwa sababu HMV haikurekodi hivyo.

Na lipo la nne, ambalo haliwezi kungoja bajeti ya mtu. Katika barabara za Ngamiani zenye majina ya namba, katika baraza za Pangani na za vijiji vya pwani, wako wazee waliokaa safu ya mbele wakati nyimbo zile zinaimbwa. Wanajua nani alitunga, alimtungia nani, kwa ugomvi gani, na ubeti upi ulioachwa siku ya kurekodi. Haya hayamo katika mfereji wa santuri yoyote, wala hayauzwi mnadani. Sauti za kale sasa huingia katika simu ya mfukoni. Kijana wa Tanga mwenye simu, daftari na adabu ya kubisha hodi anaweza kumpigia mzee wimbo, akanyamaza, akaandika. Kazi hiyo ikifanywa, santuri itakuwa imeitwa mahakamani kwa nafasi yake halali, kusema ilichokisikia kwa dakika tatu, na waliokuwako usiku kucha wakaikamilishia ushahidi. Isipofanywa, wakusanyaji watabaki na sahani zao, walinzi watabaki na hasira zao, na kila mazishi yatakayopita Ngamiani yataondoka na beti zake.